Bi. Mwanahawa na Filamu ya Choo Chenye Kufuli

Bi. Mwanahawa Lukmani, Afisa Afya, anastaafu tarehe 30 Juni 2025 baada ya miaka thelathini na mitatu ya kazi, yote Kibondo na Kasulu. Alipopangiwa kuja huku kwetu akitokea Pangani, aliwaambia nyumbani ni kwa mwaka mmoja tu.

Kazi yake kubwa ilikuwa kukagua vyoo. Wananchi walimwita Mama Afya, na mlio wa pikipiki yake ulimtangulia. Alipofika, kila kaya ilikuwa na choo kisafi kuliko sebule, kimefungwa kufuli. Kilijengwa kwa ajili yake. Wenyewe walijisaidia migombani. Kimoja alikikuta kimejaa maharage. Mwenyewe, Mzee Bazilio, alimweleza bila aibu, "Mama Afya, humu panya hawaingii."

Mwaka 2016 ugonjwa wa kuhara uliua watoto katika kijiji cha mzee huyo, mmoja wao Moses, mwana wa Esteria. Bi. Mwanahawa aliitisha mikutano. Watu walisikiliza kwa adabu, kisha wakasinzia. Ndipo akaamua kuandika filamu ya kuchekesha. Hakuwahi kuandika kitu kirefu kuliko taarifa ya robo mwaka, na rasimu ya kwanza ilianza na "Utangulizi" ikaishia na "Mapendekezo". Wenzake tuliisoma. Hatukucheka mahali palipokusudiwa.

Rasimu ya pili ilikuwa na watu. Mwanamume mwenye choo cha ukaguzi anatembelewa na mama mkwe, na tumbo la mama linachafuka. Ufunguo uko shingoni mwa mkwe. Kwa heshima ya huku, mama mkwe na mkwewe hawapeani kitu mkononi, sembuse kutajiana choo. Basi mama anauzunguka mji wa mkwewe akiulizia bei ya mihogo, huku jasho likimtoka. Mwishoni palikuwa na mazishi ya mtoto.

Bi. Mwanahawa alikataa kupiga picha hata moja kabla Esteria hajausoma mswada. Kama angesema mwanawe anafanyiwa mzaha, ungechomwa. Tulimpelekea nyumbani. Alisoma taratibu, bila kutabasamu.

"Huyu mama mkwe anacheza nani?"

"Bado hatujampata, dada."

"Nicheze mimi. Na haya mazishi yaondoe. Msibani nimeshakwenda."

Filamu ilioneshwa jioni, kwenye shuka lililotundikwa ukutani pa ghala. Watu walimtazama Esteria kwanza, wajue kama kucheka kunaruhusiwa. Alipojiona ameshika tumbo akiulizia bei ya mihogo, aliangua kicheko, na uwanja mzima ukamfuata. Mzee Bazilio akasimama, "Huyo mwenye ufunguo ni mimi! Mmenichora!" Jirani yake akamjibu, "Kaa chini, mzee, huyo ni mimi."

Ukaguzi uliofuata ulikuta vyoo vichafu kidogo, milango wazi. Katika taarifa yake, Bi. Mwanahawa aliyaandika hayo chini ya "Mafanikio". Filamu ikaendelea hadi Nyakitonto na Rungwe Mpya. Kijijini kwa Esteria, kuhara hakujaua mtoto mwingine.

Bi. Mwanahawa atabaki Kasulu, na ameanza mswada mwingine. Esteria ameshaomba nafasi, kwa sharti kwamba safari hii asiugue.

Ahsante sana, Mama Afya. Ustaafu wako uwe wa heri, afya na vicheko vingi.