Maisha ya Dereva, na Shamba Lililokatwa Vipande

Wapendwa, kaeni. Walio juani wasogee ndani. Kivuli cha turubai bado hakijagawanywa.

Marehemu mama yangu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Dereva, alizaliwa tarehe 9 Mei 1957, mtoto wa pili kati ya wanne na binti pekee. Alizaliwa katika nyumba ya vyumba vitatu, katikati ya shamba la ekari tisa lisilo na ua hata mmoja ndani yake. Babu alizoea kusema shamba ni kama sufuria, ikishakatwa haipiki tena. Wanawe wa kiume waliyasikia kwa sikio hili yakatokea kwa lile.

Alianza shule mwaka 1965 na kumaliza darasa la saba 1971. Alifaulu vizuri, lakini karo ilikwenda kwa kaka yake mkubwa, ambaye leo ni Mjomba Mwalimu. Mama hakuwahi kulalamika. Mimi nalalamika kwa niaba yake.

Mwaka 1976 chama cha ushirika kilitafuta dereva wa trekta, naye akajitokeza. Meneja alicheka hadi akakohoa. "Wewe binti, hizo pedali utazifikia?" Mama akamjibu, "Nipe ufunguo kwanza, ucheke baadaye." Alilima mashamba ya watu hadi alipostaafu mwaka 2007.

Tarehe 12 Aprili 1980 alifunga ndoa na mekanika wa gereji ya ushirika. Baba alikuwa amemwambia, "Wewe hili trekta unaliharibu makusudi ili uje hapa." Mama akasema, "Ndiyo kwanza unagundua?" Walijaliwa mtoto mmoja, mimi ninayesoma haya. Baba alitutoka mwaka 1994, na mama hakuolewa tena.

Babu alifariki mwaka 1999. Udongo wa kaburi ulikuwa haujakauka, wajomba zangu watatu, Mwalimu, Duka na Fundi, wakafika na kamba ya kupimia. Kila mmoja alitaka sehemu yake iguse barabara upande huu na mto upande ule, basi shamba likakatwa kwa urefu, vipande vinne vyembamba. Mama aliwasihi, "Jamani kaka zangu, tugawane mavuno, shamba tuliache. Trekta litageukia wapi?" Mjomba Duka akasema, "Litageukia kwako," wakacheka. Kisha wakapanda ua wa michongoma kwenye kila mpaka.

Mpaka mmoja ulipita juu ya chumba cha bibi, naye bibi alikuwa hai, analala humo. Mjomba Fundi aling'oa mabati ya upande wake. Usiku ule mvua ilimnyeshea kitandani mama mzazi wa wanaume watatu wenye ndevu. Nayasema haya mbele ya jeneza kwa sababu yananitia kinyaa mpaka leo. Asubuhi mama alipanda juu ya paa mwenyewe, na misumari mdomoni, akaezeka upya.

Baadaye Mjomba Duka naye akawagawia wanawe watano kipande chake. Mmoja wao ana jogoo anayewika kwake na kudonoa kwa jirani. Trekta haliingii tena. Likigeuka tu limeshakanyaga mahindi ya mtu. Ukoo mzima wa wakulima sasa unanunua unga dukani, na bado kila mmoja anajiita mwenye shamba.

Mama alianza kuugua moyo mwaka 2021, akalazwa mwezi Januari mwaka huu. Wajomba walikuja wodini, nikashukuru, kumbe nimeshukuru mapema. Mama akiwa bado na mpira wa oksijeni puani, Mjomba Fundi akauliza, "Dada, kile kipande chako unamwachia nani? Maana huyu binti ameshaolewa." Nesi ndiye aliyewatoa nje. Mama alifariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 4 Machi 2025.

Tangu siku hiyo wajomba wanabishana kaburi lichimbwe kwa nani. Kwa Mwalimu kuna mahindi, kwa Fundi kuna matofali, na Duka anasema yeye ardhi hana, ameshagawa. Mnadhani ndiyo maana tuko hapa, makaburi ya umma, katikati ya watu tusiowajua. Sivyo. Mama alikuwa ameshaniambia: "Msinizike shambani, hata kwenye kipande changu. Kaburi nalo ni mpaka, watalima kwa kulizunguka. Nitoeni nje." Wao walikuwa wakimnyima alichokwisha kukikataa.

Kipande chake ameniachia mimi. Leo asubuhi nimeng'oa michongoma ya pande zote mbili. Mikono yangu hii mnaiona. Trekta linakuja Jumatatu. Anayetaka tulime pamoja ang'oe ua wake. Asiyetaka abaki na miiba yake.

Dereva ameacha binti mmoja, mkwe, wajukuu wawili, kaka watatu na ekari mbili na robo.

Apumzike kwa amani. Amelima vya kutosha.