Mama Emérita na Mukono wa Papa Mukubwa

Tarehe 31 ya mwezi wa kumi na mbili, saa kumi kamili, Mama Emérita Bahati atazima mashini yake na kutoka mu labo yetu ya vipimo ya Muheto, kisha miaka makumi tatu na mbili ya kazi. Kwa kumuandikia, walinichagua mimi wa mapokezi. Masomo yangu yalisimama sekondari ya tatu, lakini mwandiko wangu unasomeka kuliko wa dokta yeyote hapa, wasibishe.

Alianza na mikroskopu, akitafuta malaria mu tone la damu. Siku mashini ya kusoma ADN, zile herufi za urithi mu damu, ilifika mu masanduku mawili ya karto, sisi wote tuliizunguka kama ni nyoka. Yeye alivuta kiti, akafungua kitabu cha Kifaransa, akakaa nayo wiki sita. Alikasirika mara moja tu, wakati panya alikata waya.

Leo mashini inatoa herufi milioni na milioni, naye anatafuta ile moja yenye kuharibika. Hiyo, hata kijana mujanja (sitaji jina langu) angeweza kujifunza. Kazi yenyewe iko kwa simu. Waganga wa santre za afya, kutoka Mweso mpaka Walikale, wanapiga: “Mama, rezilta hii ya vipimo inasema nini?” Anaeleza mara tatu, mara saba, sauti ileile. Muganga Darius wa Walikale alipouliza mara ya kumi, Mama akamuambia: “Darius, sasa weye unielezee miye.” Darius alieleza bila kukosa, naye mwenyewe alishangaa.

Tusimufanye malaika. Anaimba vibaya, na chai yake iko sukari yenye maji kidogo.

Lakini niandike jambo la mwaka jana. Majina ya familia nimebadilisha. Mama Emérita amesoma karatasi hii kabla yenu, amekata mistari mitano, mizuri yote.

Mutoto mumoja wa Walikale alikuwa na ugonjwa wa damu wenye vipimo vya kawaida vilishindwa kuona. Mashini iliona: iko makosa mawili ya herufi, moja lilipaswa kutoka kwa mama, na lingine kwa papa. Darius akatuma damu ya wazazi. Ya mama, Françoise, ilikuwa na kosa. Ya papa, Athanase, haikuwa nalo hata kidogo. Mimi nilisema wazi: “Mama, huyu mutoto haiko wa Athanase. Nifunge anvelopu?”

Motari wa kupeleka barua alikuwa inje, pikipiki yake inanguruma. Karatasi ile ingefika, Françoise angerudishwa kwao na mutoto mugonjwa mugongoni. Sote tulijua.

Mama Emérita alirudi ku mashini, akalinganisha damu ya mutoto na ya yule mwanaume, ukurasa kwa ukurasa, mpaka motari alizima pikipiki na kulala juu yake. Mutoto anachukuaka nusu ya herufi zake kwa papa yake. Hapa ilikuwa robo. Mutu baki, asiye wa ukoo, haleti robo. Akamupigia Darius, hakutaja Françoise wala kosa. Aliuliza tu:

“Darius, siku ile ya kutoa damu, nani alinyoosha mukono?”

Darius akaenda kuuliza. Simu ilirudi na sauti nzito ya Papa Sebarenzi, kaka mukubwa wa Athanase, mwenye furaha zake: “Miye, Mama! Mudogo wangu iko ku karière, anachimba. Kwetu, jambo nzito ya nyumba, mukubwa njo anaibebaka. Nilitoa damu kwa jina yake. Ilikuwa haitoshi? Niongeze?”

“Ilitosha, Papa. Lakini muite mudogo wako.”

Athanase alishuka kutoka karière kisha siku kumi na mbili, na damu yake ilikuwa na lile kosa. Familia yote ikakuja Muheto. Mama Emérita aliwaketisha, akaweka maharagi juu ya meza, meupe na mekundu, akaonyesha namna ugonjwa unapita: kila mimba, mara moja mu nne. Akawaambia dawa gani mutoto anywe, na siku gani warudi. Juu ya ile karatasi ya kwanza, hakusema neno. Françoise hajui mpaka leo, na mutoto anasoma maternelle, shule ya wadogo.

Papa Sebarenzi peke yake alibaki na huzuni. “Basi damu yangu ilikuwa ya bure?”

Mama Emérita akamushika ule mukono. “Papa, damu yako njo ilinionyesha kama mutoto iko wa kwenu.”

Mzee alitoka kifua mbele, nami nikaenda kuchana ile anvelopu ya kwanza.

Mama Emérita, aksanti kwa kila simu uliyojibu, na zaidi kwa ile karatasi haukutuma. Pumuzika muzuri, ulime shamba yako kwa amani, wajukuu wakutii kuliko sisi. Kuanzia mwezi wa kwanza simu itajibiwa na Astrid, uliyemufundisha. Mimi nitabaki na anvelopu. Kabla ya kuzifunga, sasa ninauliza nani alinyoosha mukono.