Neno la Hayat: Fagia

"Ordinateri yangu imekufa leo asubuhi, na saa munane ninaanza kazi mupya Kamenge." Dada mwenye kusema hivyo alikuwa mbele yangu mu bisi, amepakata mashini ya kuazima, kompyuta ndogo. Jirani yake, fundi wa mashini kule mutaa wa Asiatique, akacheka. "Pole, Hayat. Kupanga terminali yako upya, kile kioo cha kuandikia amri, ni siku tatu." "Apana, Moosa. Ni dakika mbili."

Moosa akajisifu kama ye iko na mashini ine, na mipango yote ya kuzitengeneza anaibeba mu kle moja ya USB, kidude cha mufukoni. "Iko wapi?" Hayat akauliza. Moosa akapapasa mifuko. Mi nikageukia dirisha, nisicheke.

"Mipango yangu iko mu git, sanduku ya kutunza mafaili kwenye mtandao. Kila nikigeuza kitu, inakumbuka niligeuza nini, siku gani. Nikiharibu, ninarudisha ya jana." Hayat akaandika "fagia", neno alilojitungia la kusafisha kioo. Mashini ikakataa, haijui ile neno. Akachukua konekisho ya simu, akaandika mustari moja wa kuvuta mipango yake toka git. Ikakwama. Tukapita hospitali, bado. Mi niliacha masomo mu ya sita, lakini nilikuwa ninamuombea.

Mipango ikafika! Akaandika tena "fagia", kioo kikawa safi. "Mama aliniambia hivyo kila asubuhi," akasema. "Siwezi kuisahau." Moosa akatikisa kichwa. "Wallahi, dada, we ni mutu."

Bisi ikasimama, Hayat akashuka mbio. "Lakini kle haiombi konekisho!" Moosa akamupigia kelele, kichwa chini ya kiti, bado anaitafuta.