Watu Tisini na Maji ya Zhari

Wasila alikuwa ameketi kizingitini, shuka limejaa maua ya michungwa miguuni pake, anachambua vikonyo na majani kabla mtungi wa shaba wa kukenekea maji ya maua haujachemka ndani, pale bintiye Rim alipotoka mbio na kompyuta mkononi.

— Mama, tisini!

— Tisini nini? Usikanyage shuka.

— Siku thelathini hizi, "maji ya zhari ya Nabeul" yametafutwa mtandaoni mara tisini. Kabla ya hapo, hata mara moja!

Wasila hakuutoa mkono kwenye maua. Maua ya mchungwa, zhari yenyewe, hayangoji habari. Yakilala yanachacha, na maji yake yananuka kama kitambaa kibichi.

Rim, aliyefungua ukurasa wa maji hayo mwezi mmoja uliopita, alikuwa na kifaa cha mtandaoni kinachoonyesha watu wanauliza maneno gani, mara ngapi, na wauzaji wanalipa kiasi gani ili tangazo lao litokee juu ya majibu. Ukichagua maneno yasiyoulizwa na mtu, umefungua duka ukalielekeza ukutani. Barua ya kumpa Rim kazi huko Doha nayo ilikuwa inangoja jibu leo, kabla ya chakula cha jioni. Mama na binti walikuwa wamekubaliana hivi: maneno yakiwa na watu wa kuyauliza, Rim anabaki kutangaza maji ya mama yake, yasipokuwa na watu, anakwenda. Kaka yake, Anis, alikwenda Marseille kwa msimu mmoja tu. Huu ni mwaka wa sita, na mkono wa Wasila bado hutoa sahani tano kabatini, kisha ukarudisha moja.

Mbele ya mlango kuna benchi la zege, na juu ya benchi, kama kila alasiri, walikuwa wazee watatu na birika la kahawa ya Wasila. Posta alipeleka barua miaka thelathini na bado anajua siri za kila nyumba. Waziri alipika kahawa wizarani. Kapteni aliendesha basi, na bahari anaiogopa.

— Nilijua, alisema Posta. Hao tisini ni mabibi harusi wa Tunis. Msimu wa harusi unakaribia. Samaki mkunje angali mbichi.

— Samaki kaingiaje hapa? aliuliza Kapteni.

— Ni methali.

— Najua ni methali. Nauliza kaingiaje.

Waziri aliweka kikombe chini, taratibu, kama mtu anayetoa tamko.

— Mabibi harusi hawatafuti, hutafutiwa. Hao ni Wafaransa wa manukato. Wanataka siri ya mtungi wa Bi Wasila. Mimi wizarani nimesikia mengi.

— Wizarani ulisikia vijiko, alisema Posta.

— Cheka tu. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Leo wanatafuta jina, kesho wanakuja na mkataba, keshokutwa hata ua moja hutalinusa bila risiti.

— Si Wafaransa, alisema Kapteni. Ni mashine. Siku hizi mashine zinatafutana zenyewe. Moja iko China, imeshatengeneza mtungi, sasa imekwama haijui maua yachumwe lini. Inauliza. Inauliza. Mara tisini inauliza.

— Na ikijibiwa? aliuliza Posta.

— Tumekwisha.

Wasila alirusha kikonyo pembeni. — Rim, hao watu wako wapi? Kifaa hakisemi?

Rim alibonyeza, akakunja uso.

— Kinasema. Wote wako hapa hapa Nabeul. Na wote wanatumia simu.

Waziri aliinama mbele, akashusha sauti.

— Ndiyo kazi ya majasusi, alisema Waziri. Hushukia karibu na shabaha.

— Kikulacho ki nguoni mwako, alisema Posta, na kwa mara ya kwanza siku ile methali yake ilikaa pake, ila mwenyewe hakujua.

Hapo akafika Dalila, mwanamke wa mashambani anayemletea Wasila maua, kiroba kichwani. Alikitua, akajifuta shingo, akaelezwa habari yote na watu watatu kwa wakati mmoja. Akawatazama.

— Na nyinyi, wanaume wa benchi, hamjatafuta?

Kapteni alichungulia birika.

— Kapteni, alisema Wasila.

— Mimi naangalia tu kama ukurasa wa Rim umetokea. Kumpa mtoto moyo.

— Mara ngapi?

— Mara moja. Kwa siku.

— Posta?

— Kila asubuhi, baada ya dawa ya presha.

Waziri alisema yeye hutafuta kila siku, kwa sababu za kiusalama.

Wasila hakuhitaji kompyuta. Watu watatu, siku thelathini. Rim naye alikuwa amekwishapiga hesabu; alifunga kompyuta, akaingia ndani. Kupitia dirishani wakamsikia akivuta kiti cha meza ya kuandikia.

— Basi tumemharibia? aliuliza Kapteni.

— Mmemharibia, alisema Wasila.

Dalila alikuwa bado ana lake. — Lakini Wasila, nani aulize simu maji ya zhari? Wewe maua yakikuishia huniita mimi.

Wasila akaacha kuchambua. Ilikuwa kweli. Hajawahi kuuliza simu kitu anachojua pa kukipata. Mwezi wa Ramadhani aliuliza jambo moja tu, saa tisa ya mchana, mikono imejaa mafuta. Aliinuka, magoti yakalia, akaingia.

— Usiandike Doha bado. Andika humo kwenye kifaa: kwa nini makrudi inavunjika kwenye mafuta.

— Mama, sisi hatuuzi makrudi, wala kitafunwa chochote cha tende.

— Andika.

Rim aliandika. Akasogea karibu na kioo cha kompyuta.

— Elfu tisa. Hapana, hiyo ni Tunisia peke yake. Ufaransa elfu nne. Na inapanda kila Idi na kila msimu wa harusi. Mama, tangazo lake ni bei ya bure, hakuna anayeyagombania maneno haya!

— Makrudi bila zhari ni unga na tende. Waambie kwa nini inavunjika, halafu waonyeshe chupa yetu.

— Wewe simu ilikujibu nini?

— Upuuzi. Bibi yako ndiye aliyejua: unga haukulala na samli. Alingoja zivunjike zote ndipo akasema.

Nje kahawa ilikuwa imekwisha. Kapteni alitia kichwa mlangoni.

— Bi Wasila, sasa tutafute makrudi?

— Ukitafuta, simu yako naitia mtungini.

Magharibi ilipopita, mchuzi wa maharage mabichi ulikuwa mezani. Mumewe, Monji, alikuwa amerudi. Zakia, bibi yake Rim, alikuwa ameshaanza mkate. Wasila alitoa sahani tano, akarudisha moja.

— Rim, Doha umewajibu? aliuliza Wasila.

— Nimewaambia nina kazi.

Wasila aliwahesabu kwa macho, mmoja mmoja. Wanne, pamoja naye. Akapakua.