Msiuvue Mti Koti Lake

Sogeeni karibu, wanangu, maana sauti yangu ya leo haifiki hata mlangoni. Na wewe binti yangu, ambaye nyumba nzima tunakuita Ufagio, hebu weka chini hicho unachofagilia, vumbi litakungoja, mimi sina hakika.

Nyumba hii ya mlimani ni yenu wawili. Fundi, kaka yako, achukue karakana na mbao zake, wewe uchukue vyumba vya mbele, na jiko mlitumie pamoja, mkigombana mgombane humo humo mkiwa mmeshiba. Hayo mepesi. Zito ni ule mti wa mlango wa jikoni.

Najua mnavyouona: mfupi, mnene, kichwani kijani mwaka mzima, na toka shingoni hadi chini umejivika majani yake yaliyokufa, kama mzee aliyelala na makoti yake yote. Ni wa ukoo wa alizeti, ingawa ukiutazama huamini, kama watu wasivyoamini kuwa ninyi ni wa tumbo moja. Zamani, nilipokuwa mpima hali ya hewa wa kituo kilichokuwa hapa, ilikuwepo safu nzima ya miti hii, toka langoni hadi ofisini. Ikaja habari kwamba mkubwa wa idara atatutembelea, na kabla yake akatangulia mkubwa mdogo, kukagua kama tunafaa kukaguliwa. Akaitazama miti, akaamuru majani makavu yote yabanduliwe, mashina yaonekane nadhifu. Yakabanduliwa. Alipofika jikoni akasema na ua wa mama yenu ni mchafu. Loo! Mama yenu akasimama mbele ya mti, mwiko mkononi: "Bwana mkubwa, ukiuvua huu nguo, na wewe utateremka mlima bila suruali." Msije mkamsingizia utaalamu, hakujua lolote la miti, alikuwa amenuna tu, na mama yenu akinuna hata serikali ilipita mbali.

Basi baridi ya majuma yale ikaimaliza safu yote, mashina yakalainika kama mboga iliyochemshwa, ukabaki ule mmoja wa jikoni. Mkubwa mwenyewe alipofika, akatusifu kwa usafi, kisha akauliza mbona hatujapanda miti.

Majani yale ndiyo blanketi lake, mwanangu. Jana nilikuona kupitia dirisha hili ukiuzunguka na gunia, na nikamsikia Fundi akikucheka. Fundi, usimcheke, mikono hiyo hiyo ndiyo iliyoniogesha na kunibadilishia shuka ugonjwa huu wote, wewe ukiwa na kazi nyingi sana karakana. Lakini wewe, mama, fagia nyumba, fagia ua, ukitaka wafagie na wageni, ila mti wa mama yenu uache na uchafu wake. Gunia hilo mpe kaka yako atilie vumbi la mbao. Niahidini wote wawili... kwa sauti, siyo kutikisa kichwa, nataka kusikia.

Haya. Nimesikia.

Sasa lile koti langu, lile ulilokuwa ukilitupa kila wiki nami nikilirudisha... lilete. Nifunike. Hapo, hadi shingoni. Mungu awafunike hivi hivi, wanangu, kila mmoja kwa mwenzake, baridi isipate pa kupita...

Fundi, usifunge dirisha. Acha kidogo... niuone.