Mwalimu Salome Kazumba na Kilio cha Nambwela (1975–2026)

Baba Paroko, wazee wetu, majirani wa Nambwela, walimu na wanafunzi. Marehemu alikuwa akisema kwamba hakuna mtu mbaya aliyewahi kuzikwa nchi hii. Ukisikiliza wasifu zinazosomwa makaburini, waovu wote bado wako hai. Kwa hiyo familia imejizuia kumpamba kwa sifa ambazo angezicheka.

Mwalimu Salome Cornelius Kazumba alizaliwa tarehe 11 Agosti 1975 kijijini Mwimbi, ambako siku hizi ni Wilaya ya Kalambo. Alikuwa mtoto wa tano wa Katekista Cornelius Kazumba na Mama Gaudiosa, wakulima wa mahindi na ulezi. Sanaa aliianza mapema, na aliianza vibaya. Akiwa na miaka sita alijifunga shuka nyeupe ya wageni, akawapanga wadogo zake pamoja na kuku, akawahubiria kwa sauti ya padre wa wakati huo, kikohozi na vyote. Padre alikuwa amesimama mlangoni. Mzee Cornelius alimchapa fimbo mbili mbele ya mgeni, kisha akaenda nyuma ya ghala kucheka. Inasemekana padre hakukohoa tena altareni mpaka anahamishwa parokia.

Alisoma Shule ya Msingi Mwimbi kuanzia 1983 hadi 1989, kisha sekondari ya masista, ambako aliimba sauti ya pili na kusimamishwa masomo mara moja tu, kwa kumwigiza mkuu wa shule kwenye sherehe ya kumuaga mkuu huyohuyo. Alimaliza kidato cha sita mwaka 1996 na kupata stashahada ya ualimu mwaka 1998.

Mwaka 1999 alipangiwa kufundisha Kiswahili Ilemba, kule bondeni. Ndiko alikokutana na Masanja Shija, kijana wa familia ya wafugaji waliohamia kutoka Kanda ya Ziwa. Ng'ombe wa Masanja waliingia katikati ya mazoezi ya kwaya. Mwalimu alimwambia, "Kaka, hawa wako wanaimba besi vizuri, ila hawajalipa ada." Masanja alirudi kesho yake bila ng'ombe. Mzee Cornelius aligoma kumpa mke mtu ambaye mali yake inakula mashamba ya wenzake. Watani wakatumwa, wakatukanana kutwa nzima kwa raha zao, na jioni mzee akakubali. Walifunga ndoa takatifu tarehe 6 Oktoba 2001, wakajaliwa watoto watatu: Fransisko, Rahel na Jenifer.

Mwaka 2007 alihamia Sekondari ya Nambwela, hapo ng'ambo ya makaburi haya, akawa mlezi wa kwaya na maigizo hadi mwisho wake. Wanafunzi wa kidato cha tano na sita walifika wakiwa na tahasusi za sayansi na aibu nyingi. Wakaondoka wakiwa wamelia, wamecheza ngoma na wamevaa magauni ya mama zao mbele ya Afisa Elimu. Kila mahafali mgeni rasmi alichelewa. Mwaka mmoja kwaya iliimba wimbo wa kumpokea mara tatu: kwa gari la soda, kwa gari la fundi wa maji, na hatimaye kwa mgeni mwenyewe, aliyekuta sauti zimeisha. Mwalimu alipoulizwa alijibu, "Nani alijua? Wote walishuka na matumbo makubwa."

Sasa familia inaomba utulivu kidogo, kwa sababu kuna jambo marehemu aliagiza lisemwe mbele yenu wote.

Mwaka jana Mwalimu alitunga mchezo kuhusu nyumba iliyofiwa na baba. Ijumaa tarehe 12 Septemba 2025, saa kumi alasiri, wanafunzi walikuwa bwaloni wakiufanyia mazoezi. Timoth wa kidato cha sita alilazwa kwenye benchi na kufunikwa blanketi, ndiye maiti. Leonia, binti wa kidato cha tano aliyekuwa ametoka Ilemba miezi miwili tu kabla, aliigiza binti wa marehemu. Mwalimu akamwambia, "Hapo unalia kama mtu aliyepoteza kalamu. Lia mama, baba amekufa!" Leonia akafungua kinywa.

Majirani wa Nambwela, mnajua kilichotokea, maana mlikuwapo. Kwetu msiba hauulizwi mlangoni. Ukisikia kilio unajifunga kanga, unabeba unga, unakwenda ukilia. Nani amekufa utajulia hukohuko. Akina mama waliingia bwaloni wakijitupa chini. Waigizaji walidhani Mwalimu ameongeza watu kwenye mchezo, wakazidisha. Mzee Yonas, mchimba makaburi wetu, na vijana wake walifika na majembe na sururu, wakamuuliza mkuu wa shule kaburi lichimbwe wapi, naye, kwa hofu ya kuonekana hana taarifa za shule yake, akawaonyesha nyuma ya maabara. Vumbi la waliojitupa chini likampanda maiti puani. Timoth akapiga chafya na kuketi.

Milango ya bwalo lile ni miwili. Siku ile haikutosha.

Tungekuwa tunacheka mpaka leo, kama si neno alilosema Mzee Yonas akiwa anakung'uta udongo: "Kilio kimetoka bila maiti. Kitamtafuta wake." Bodi ikaupiga marufuku mchezo. Mwezi Novemba ikajulikana kwamba Mwalimu Salome ana saratani ya kongosho, na maneno yakapata miguu. Haikusemwa kwamba Mwalimu alitunga, wala kwamba Timoth alilala chini ya blanketi. Ilisemwa, "Yule binti wa Ilemba ndiye aliyelia." Dukani alipishwa foleni bila kuomba. Bwenini kitanda cha jirani yake kilihama. Kanisani alipopanda jukwaani na kwaya, mama mmoja alimfunika mwanawe masikio.

Leonia aliacha maigizo, akaacha kwaya. Shule zilipofunguliwa Januari, hakurudi.

Mwalimu alikuwa hawezi tena kula chakula kigumu. Akamwambia mumewe amtafutie gari la kwenda Ilemba.

"Mama Fransisko, ile barabara ya kuteremka bondeni inamchosha hata mzima," alisema Masanja. "Pumzika."

"Nitapumzika sana, wewe subiri tu. Tafuta gari."

Walimkuta Leonia nyuma ya nyumba akipepeta ulezi na bibi yake, Bibi Luciana. Binti alipiga magoti.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Huo ungo unaushika kama unapepeta hesabu. Njia ya shule hukuiona?"

Bibi Luciana ndiye aliyesema, "Mwalimu mwanangu, mtoto halali. Anasema amekuua."

"Ameniua na nani? Mimi si mtu wa kufa kwa mkono wa kidato cha tano." Akaomba kigoda, akakaa, akasubiri pumzi imrudie. Kisha akasema lile ambalo Masanja peke yake alikuwa akilijua. "Leonia, nisikilize. Mwezi wa sita, wewe hujafika Nambwela, bado hujanijua kwa sura, daktari wa Mbeya aliniambia ninaumwa nini na nimebakiza muda gani. Nilirudi nyumbani, nikakaa wiki mbili bila kusema na mtu. Nikachoka. Ndipo nikautunga ule mchezo. Kilio chako hakikukiita kifo, mwanangu. Kilikikuta kimekaa ndani siku nyingi, kimevua viatu."

Leonia alilia, lakini bila sauti, mkono mdomoni.

"Mbona hukutuambia, mwalimu?"

"Ningewaambia mngelia kwa kunihurumia. Mimi nilitaka mlie kwa kujua kazi. Na nilitaka kusikia. Mtu anapiga kazi ya kupanga sauti za watu miaka yote hii, halafu ile moja inayomhusu inampita akiwa amelala? Nilisikia. Ulilia vizuri mno. Hapo ndipo nilipokosea, nikaenda nyumbani nimefurahi, nikakuachia wewe mzigo. Nisamehe."

"Watu wa Nambwela hawataamini."

"Nitawaambia mwenyewe."

Leonia alirudi shuleni kwa gari hilohilo. Lakini Mwalimu hakupata kuwaambia. Homa ilimpanda wiki ileile, akalazwa hapa Sumbawanga, na sauti ikawa ya kuinamiwa. Siku moja alimshika Masanja mkono akasema, "Nikishindwa, lisemwe siku ya kuzika. Siku hiyo watakuja wote, hata wanaodaiwa na wafiwa, na hakuna atakayethubutu kuondoka kabla ya chakula." Alifariki Alhamisi tarehe 19 Februari 2026, saa moja asubuhi, mvua ikinyesha, akiwa na miaka hamsini.

Basi limesemwa. Mwalimu Salome alikuwa mgonjwa kabla Leonia hajakanyaga Nambwela. Hakuna kilio kilichomuua. Mzee Yonas, shikamoo, familia ilikufuata jana nyumbani kwako ikakueleza, nawe ukainamisha kichwa, ukasema, "Neno nililitoa hadharani, nalo mlirudishe hadharani." Tunalirudisha. Ahsante pia kwa kaburi hili, ambalo umelichimba na vijana wako tangu alfajiri.

Marehemu ameacha mume, Masanja Shija; watoto, Fransisko, Rahel na Jenifer; mama mzazi, Bibi Gaudiosa, ambaye ana miaka tisini na hakutegemea kubaki nyuma kuona siku hii; ndugu, mashemeji, na watani, ambao tunawasihi wasubiri jeneza liwe chini ndipo waanze fujo zao. Ameacha wanafunzi wengi kuliko tunavyoweza kutaja, waliotawanyika katika ofisi na masoko ya nchi hii, ambao wengi wao hawaimbi tena ila wanajua namna ya kusimama mbele za watu.

Na ameacha Leonia. Yuko pale, safu ya mwisho ya kwaya, nyuma ya Timoth. Tangu Alhamisi wenzake wote wamelia isipokuwa yeye. Ameuma kanga yake mpaka imetoboka, kwa sababu anaogopa tukimsikia tutatazamana.

Wafiwa wameshauriana na Bibi Gaudiosa amekubali. Kwa desturi yetu, jeneza likianza kushuka, wa kwanza kupaza kilio ni binti wa marehemu. Rahel na Jenifer wanamsogezea mwenzao nafasi katikati yao, pale kwenye ukingo. Pisheni, tafadhali.

Mungu ampe Mwalimu wetu pumziko na amani yake.

Leonia, mwanetu, njoo. Anza wewe. Safari hii sote tuko hapa, tutakupokea.