Nesi Kunegunda, Aliyewaamsha Watoto

“Mwache mtoto alale! Ndiyo kwanza ametulia, nawe unamfinya!”

“Shikamoo, bibi. Simfinyi. Nampima.”

“Marahaba. Na huo mkono wako uutoe!”

Wasikilizaji wapendwa, ugomvi huo ulitokea mwaka 1993 katika wodi ya watoto, hapahapa Songea. Aliyefoka ni Bibi Chiku, mkulima wa korosho kutoka Tunduru. Aliyefokewa ni nesi Kunegunda Mbano wa Majengo. Nesi Kunegunda amefariki. Amefariki Jumanne hii, akiwa na miaka arobaini na minne. Jumatatu asubuhi alikuwa kazini. Tumeuliza mara tatu kama ni kweli. Ni kweli.

Turudi kitandani. Aliyelala pale ni Abasi, mjukuu wa Bibi Chiku, miaka mitatu. Malaria ilikuwa imempanda kichwani. Wodi haikuwa na mashine ya kuangalia ubongo. Kunegunda alikuwa na kifundo cha kidole, macho yake mawili na karatasi. Kila saa alikandamiza mfupa wa kifua cha mtoto. Je, anausukuma mkono? Analia sawasawa, au anaguna tu? Macho yanamfuata bibi yake? Alama tano, ubongo uko macho. Alama mbili, ni hatari. Kila saa aliandika.

Saa saba mchana Abasi alikuwa na alama nne. Saa nane, tatu. Kufika saa tisa Bibi Chiku alikwishamfunika kanga hadi kidevuni, akakaa mbele ya kitanda kama mlinzi. Kwao mgonjwa akipata usingizi haamshwi. Kwetu Wangoni pia ni hivyo, tusijifanye.

Kunegunda alimtazama mama huyu mtu mzima aliyesafiri siku mbili juu ya lori, akamwonea huruma. Hata hivyo aliivuta kanga. Kidole gumba cha Abasi kilikuwa kinachezacheza. Macho yalikuwa yamevutwa upande mmoja.

“Huyu halali, bibi. Ana degedege. Limejificha.”

Hakungoja jibu. Alimwita daktari. Mtoto akapewa dawa ya degedege. Akapimwa sukari, iko chini kabisa, akawekewa glukosi kwenye mshipa. Kesho yake asubuhi Kunegunda alikandamiza kifua kile tena. Abasi akausukuma mkono, akaangua kilio, wodi nzima ikageuka.

“Haya, mfinye na sasa,” alisema Bibi Chiku, akicheka huku machozi yanamtoka. “Safari hii atakung’ata, wallahi!”

Wasikilizaji wapendwa, kwa miaka sita baada ya hapo Kunegunda aliendelea kuwaamsha watoto wa watu. Alitukanwa, akaamsha. Jumatatu hii alirudi nyumbani mchana, kichwa kinamuuma. Akajilaza. Mumewe, Mzee Hironimus, fundi seremala, aliwakanya watoto wasipige kelele. Jirani alipobisha hodi, aliambiwa arudi kesho.

“Nilifurahi amepata usingizi,” anasema Mzee Hironimus. “Mimi, mume wa Kunegunda, nilisimama mlangoni nikazuia watu wasimwamshe.”

Jioni dada yake, Ida, alifika akaingia chumbani kwa nguvu. Akamwita. Akamtikisa. Hakuitika. Alifia hospitalini Jumanne asubuhi. Daktari anasema mshipa ulipasuka kichwani. Je, angeamshwa mapema, angepona? Daktari hakusema ndiyo, hakusema hapana. Mzee Hironimus anamuuliza kila anayeingia msibani.

Mzee Hironimus, dada Ida, watoto, na manesi wote wa wodi ile, poleni sana. Nasi tumepigwa na butwaa kama ninyi. Mazishi ni kesho saa nane mchana, Maposeni. Tunarudia: kesho saa nane mchana, Maposeni.

Hapa tulikuwa tumeandaa kwaya ya dakika tano. Tumeamua sasa hivi: haipigwi. Pengine katika nyumba moja inayotusikiliza yupo mtoto mwenye homa aliyetulia ghafla, na wenyewe mnashukuru. Msishukuru bado. Kunegunda aliwaambia akina mama wa wodini hivi: “Mwamshe. Akikununia, kapike. Asipokununia, mbebe uje.”

Dakika hizo tano ni zenu. Tunazima kipaza sauti. Nendeni.